Saa Iliyoandikwa Kwenye Kichupa

Brenda, ambaye sasa anakalia kiti changu, aliniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu kazi kabla sijasahau. Alitaka hasa nieleze jinsi ya kujaza fomu ya madhara baada ya chanjo, ile ambayo kila mtu huiacha wazi kuanzia ukurasa wa pili. Nimejaribu. Lakini mtu akishinda peke yake ndani ya nyumba mtaani Kapsoya tangu asubuhi, redio ikiongea na kuta, fomu haimtoshi. Mtanisamehe mkikuta humu mambo ambayo hayana kisanduku cha kutia alama.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuja vikiwa vimechelewa, na mshahara mnaujua wenyewe.

Nilianza uuguzi katika zahanati moja upande wa Moi's Bridge, karibu na mpaka wa Trans Nzoia. Jina lake sitalitaja, na mtaelewa kwa nini. Siku ya kwanza nilifika na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka lingeweza kusimama lenyewe. Nikamkuta mama mmoja amepiga magoti sakafuni, shavu karibu liguse saruji, akichungulia chini ya friji. Siku hizo friji yetu ilitumia mafuta ya taa. Sikujua kwamba friji inaweza kuwa na utambi.

"Wewe ndio Kiprono?" akaniuliza bila kuinuka. "Piga magoti hapa. Moto uko rangi gani?"

"Blue, Sista."

"Sawa. Ikiwa blue, chanjo iko salama. Ikiwa yellow, ujue kuna mtu amelala kazini. Na huyo mtu, kuanzia leo, ni wewe."

Huyo alikuwa Sista Wangari. Wazazi wake walitoka Nyeri zamani wakafungua duka Moi's Bridge, naye alizaliwa hapo hapo akakulia kati ya magunia ya mahindi. Alinizidi kwa miaka kumi na miwili hivi. Kila kitu ninachokijua kuhusu chanjo nilikipata kwake, na kile ambacho sikukipata kwake ilibidi nikisahau baadaye.

Kwa wale waliozoea friji za umeme wa jua, acheni niwaeleze jinsi tulivyofanya kazi. Chanjo ya surua huja kama unga mkavu ndani ya kichupa. Unaichanganya na maji yake maalumu, na kichupa kimoja kinatosha watoto kumi. Ukishaichanganya, saa imeanza kukimbia. Baada ya saa sita unaitupa hata kama imebaki ya watoto tisa, kwa sababu haina dawa ya kuzuia vijidudu, na kijidudu kikiingia humo kinazaana kama kiko kwake. Kwa hivyo hatukufungua kichupa kwa ajili ya mtoto mmoja. Mama alifika, akaketi kwenye benchi, akangoja wenzake. Wakifika watano au sita, tunafungua. Wasipofika, wanarudi nyumbani na kuambiwa waje Alhamisi ijayo. Akina mama walijifunza kupitia kwa majirani wakiwakusanya, "Mlete wako, tufike idadi." Nimewahi kuona mama amebeba mtoto wa jirani mgongoni na wake kifuani ili kichupa kifunguliwe.

Siku hiyo ya kwanza Sista Wangari alinipa kalamu nyeusi yenye wino mzito. Wino wake haukutoka kwa maji wala jasho, ulitoka kwa spiriti tu. "Ukifungua, andika saa kwa kichupa," akasema. "Usiandike kwa kitabu, usiandike kwa kichwa. Andika kwa kichupa. Kitabu inaweza kupotea na kichwa inaweza kudanganya." Yeye aliandika saa kwenye kila kitu. Hata maziwa ya chai ya wafanyakazi, akishayachemsha, alibandika kipande cha plasta kwenye jagi na kuandika saa yalipotoka motoni. Tulimcheka sana. Nilimuuliza siku moja kama mume wake naye ana plasta mahali. Akanirushia kitambaa cha kupangusia meza.

Nilikaa naye miaka minane. Halafu nikapelekwa mjini Eldoret, kwenye ofisi inayofuatilia usalama wa chanjo, na huko ndiko nilikozeekea.

Kazi hiyo ni ya upweke, na ni vizuri mjue mapema. Muuguzi akikuona umeingia getini na ile faili ya bluu, anajua kuna mtoto ameugua na kuna mtu atalaumiwa. Wanakusalimia kwa heshima zote. Wanakumiminia chai. Lakini hakuna anayeketi kuinywa pamoja nawe. Ghafla kila mtu ana mgonjwa wa kumwona. Nimekunywa chai peke yangu katika kila kituo cha kaunti hii, na naweza kuwaambia wapi ni nyepesi.

Mara nyingi hakuna kosa lolote. Mtoto anachanjwa Jumatatu na anaugua malaria Jumatano, na kwa mama mambo hayo mawili yamefuatana kama gurudumu la mkokoteni na kwato za punda. Kazi yako ni kuuliza pole pole kilichokuja baada ya chanjo na kilicholetwa na chanjo, kwa sababu si kitu kimoja. Ulizeni kuhusu watoto wengine waliochanjwa siku ile ile. Ulizeni kuhusu wale ambao hawakuchanjwa na bado wanaugua. Ulizeni mtoto alikula nini. Na msimkatize mama, hata akianza hadithi yake tangu mimba.

Mara nyingine ni vichekesho, ingawa huruhusiwi kucheka. Katika shule moja wasichana waliokuwa wakingojea sindano walianza kuzirai, mmoja, halafu watatu, halafu mstari mzima. Nilipofika nilikuta waliozirai kwanza hata hawajadungwa. Mwalimu mkuu, mwanaume mwenye kilo zake, alikuwa amelala nyasini kando yao akipepewa kwa daftari la mahudhurio. Ilikuwa hofu tu. Niliwaketisha kivulini, nikawapa maji, nikaomba sindano zitolewe ndani ya darasa, mmoja mmoja, wengine wasione. Mwalimu mkuu aliniomba nisimwandike. Sikumwandika.

Lakini mnataka kesi ngumu. Nina moja tu ambayo naibeba mpaka leo.

Ulikuwa msimu wa kuvuna mahindi. Simu ililia ofisini asubuhi. Watoto wanne wameugua ghafla, homa kali, kutapika na kuhara, wote walichanjwa surua juzi yake. Mmoja amefariki. Niliuliza zahanati gani. Nilipojibiwa, nilikaa kitini kwanza, ingawa nilikuwa tayari nimeketi.

Njia nzima nilijiambia itakuwa maji ya mto. Niliomba iwe maji ya mto. Nilipofika Sista Wangari alikuwa amesimama mlangoni, mikono imekunjwa ndani ya sweta. Hakunipa mkono, nami sikumpa, maana tayari nilikuwa nimeishika ile faili.

"Ingia ufanye kazi yako," akasema.

Niliifanya jinsi alivyonifundisha. Nikafungua kitabu cha chanjo. Alhamisi ile walichanjwa watoto tisa kutoka kichupa kimoja. Watano walikuja asubuhi, na wote watano walikuwa wazima. Wanne walikuja jioni, na ndio hao hao wanne. Nikaanza kukitafuta kichupa. Kwa kawaida vichupa vilivyotumika vilikuwa vikiunguzwa siku ya pili pamoja na sindano, na shimo la kuchomea lilikuwa na majivu mapya. Nilikata tamaa, na kusema kweli nilipumua. Kisha nikarudi ndani, nikainua macho. Kichupa kilikuwa kwenye kizingiti cha dirisha la chumba cha chanjo, kimefunikwa kwa kikombe cha glasi. Kibandiko kilitazama ndani ya chumba. Kwa wino mweusi, kwa mwandiko ninaoufahamu kuliko wangu, kulikuwa kumeandikwa 9.10.

Kilifunguliwa saa tatu na dakika kumi asubuhi. Watoto wa jioni walidungwa saa kumi na moja na nusu. Saa zilizopita zilikuwa zaidi ya nane.

Nilidhani amesahau kukitupa. Nilimwona kama mtu aliyechoka akakosea mara mbili, kwanza kukitumia na pili kukiacha. Nilikitia ndani ya mfuko, nikaandika namba yake, nikampa karatasi asaini kwamba nimekichukua. Alisaini. Kalamu ilikuwa ile ile nyeusi.

"Ilikuwa ya mwisho," akasema, na hayo ndiyo maneno pekee aliyojitetea nayo. "Hakuna nyingine kwa friji. Hao mama walirudishwa wiki iliyopita, na wengine wiki ya nyuma yake. Walikuwa shambani tangu asubuhi, mvua ilikuwa inakuja. Surua ilikuwa imeanza huko ng'ambo ya mto. Ningewaambia nini?"

Niliyaandika yote. Hata hilo la friji kuwa tupu nililiandika, na kwamba siku hiyo alikuwa muuguzi peke yake, na kwamba alikuwa ameomba chanjo mara mbili na hazikuletwa. Majibu ya maabara yalipotoka baada ya majuma kadhaa, yalisema kile tulichokwisha kukijua. Kichupa kilikuwa na vijidudu.

Mkubwa wangu wa wakati huo hakuwa mtu mbaya. Aliniita akafunga mlango.

"Kiprono, tukisema hii ni error ya kwetu, hakuna mama ataleta mtoto clinic huko tena. Unajua hiyo. Andika coincidental, yaani ugonjwa mwingine umegongana tu na chanjo. Yule sista tutam-transfer pole pole, na hao wengine watatu si wamepona?"

"Na mama wa yule ambaye hakupona?"

"Unamsaidia aje ukimwambia? Mtoto atarudi?"

Alikuwa na hoja. Kazi yetu yote inasimama juu ya imani ya mama mmoja anayemkabidhi mtu asiyemjua mtoto wake adungwe akiwa mzima. Ukiivunja imani hiyo watoto watakufa kwa surua, na hao hutawaandikia fomu. Lakini niliona pia kwamba nikimdanganya mmoja, itabidi nimkwepe maisha yangu yote. Nikajikaza kisabuni, nikaandika ukweli, nikaenda kumwambia.

Anaitwa Mama Faith. Faith alikuwa mtoto wake wa kwanza, wa miezi tisa, kwa hivyo hilo jina lilibaki juu yake hata baada ya mwenyewe kuondoka. Nilimkuta ameketi kwenye turubai nyuma ya nyumba akipukuchua mahindi kwa mikono. Hakuacha kupukuchua. Nilivua kofia, nikaketi kwenye gogo, nikamsalimia.

"Daktari," akasema, ingawa mimi si daktari, "usinizungushe. Ni hiyo sindano?"

"Ndiyo, Mama. Ni hiyo sindano. Chanjo yenyewe si mbaya, lakini hiyo ilikuwa imekaa saa nyingi baada ya kufunguliwa. Ikaingia uchafu. Haikufaa kutumika. Ni makosa ya upande wetu."

Gunzi lilibaki mkononi mwake. "Sista alijua?"

"Alijua saa zimepita. Hakujua itafanya hivi."

"Ni yeye alinizalisha huyu mtoto," akasema. Halafu akasema lile ambalo sikuwa nimejiandaa kulisikia. "Na ni mimi nilimwomba. Alikuwa anataka kufunga. Nikamwambia, Sista, usinirudishe tena, hii ni mara ya tatu. Nilimshika mkono."

Nilimwambia kwamba si kosa lake, kwamba yeye aliomba chanjo na saa ilikuwa kazi yetu. Sijui kama alinisikia. Aliliweka gunzi chini, akajifunika uso kwa leso, nami nililia pia, mtu mzima juu ya gogo. Hakuna mafunzo yoyote niliyopewa kwa hilo. Alipotulia aliniuliza kama nimekula, akaingia ndani kunitafutia uji. Niliunywa wote.

Ripoti ilifika kunakohusika, na waliosoma walisoma mstari wa kwanza tu. Friji tupu haikumhusu mtu yeyote. Sista Wangari aliondolewa kwenye chanjo, akapelekwa stoo moja mjini kuhesabu glavu mpaka akastaafu. Mimi niliambiwa nisizungumze naye wakati uchunguzi unaendelea. Uchunguzi ulipokwisha, hakuna aliyeniambia kwamba sasa naweza.

Mkubwa wangu alikuwa amesema kweli. Ile benchi ya zahanati ilikaa tupu. Mwaka uliofuata surua iliingia katika vijiji vile, na mtoto mmoja wa kiume akapoteza uwezo wa kusikia. Wenzangu hawakunilaumu waziwazi. Walinyamaza tu nikiingia chumba cha mikutano. Wengine walisema nimemmaliza Wangari kwa sababu si wa kabila letu. Wa kwetu kadhaa wakanipongeza kwa sababu hiyo hiyo, na hao ndio walionikera zaidi. Mmoja nilimwachia soda yake mezani nikaondoka.

Ilichukua zaidi ya miaka miwili benchi kujaa tena. Wa kwanza kurudi kutoka kijiji kile alikuwa Mama Faith, na mtoto mwingine wa miezi tisa mgongoni. Muuguzi mpya ndiye aliyenisimulia. Alisema mama yule hakuketi. Alikuja moja kwa moja mezani akauliza, "Hiyo imefunguliwa saa ngapi?" Akaonyeshwa kichupa. Akaisoma saa, akatazama ile ya ukutani, akamshusha mtoto. Siku hizi akina mama wote wa upande ule huuliza hivyo, hata wale wasiojua ilianzia wapi. Wauguzi wapya hudhani wanakaguliwa. Waambieni ni kweli wanakaguliwa.

Nilikutana na Sista Wangari mara moja tu miaka hiyo yote, mjini Eldoret, nje ya duka la dawa karibu na posta. Nilikuwa nimebeba faili yangu. Alikuwa akija upande wangu na kikapu. Alinitazama usoni, akaitazama faili, akapita. Nilisimama pale watu wakinikwepa kushoto na kulia. Siku hiyo nilijiambia kwamba ananichukia na ana haki, na kwamba nikimfuata nitakuwa namtonesha kidonda. Nikaweka hilo kando na kuendelea na kazi. Mtu anaweza kuendelea na kazi muda mrefu sana.

Kisha zikaja zama za kujiandaa. Tuko kwenye barabara ya malori yaendayo Uganda na tuna uwanja wa ndege, kwa hivyo kila ugonjwa mpya ukitajwa redioni sisi hutoa mavazi ya kujikinga stoo. Mnayakumbuka yale mazoezi ya suti nyeupe. Kuvaa si kazi. Kuvua ndiko kunakoua, kwa sababu uchafu wote uko nje ya suti na wewe umechoka na una haraka ya hewa. Ndiyo maana kanuni husema usivue peke yako. Mwenzako anasimama mbele yako na kukusomea hatua kwa hatua, glavu ya nje, mikono, miwani, mikono tena, bila kukuondolea macho. Nitawaambia jambo la aibu kidogo. Mke wangu Salina alikuwa amefariki wakati huo, watoto wako mbali, na kulikuwa na siku ambazo hiyo ndiyo saa pekee mtu alinitazama usoni kwa makini. Nilikuwa navua pole pole kuliko inavyotakiwa. Mkufunzi alinisifu kwa uangalifu wangu.

Korona ilipofika nilipewa simu ya kupokea malalamiko ya chanjo. Ofisi nzima ilikuwa nyumbani, nami nilikuwa na simu, kijitabu na chupa ya chai. Wengi walipiga kwa sababu mkono unauma, na wachache kwa mambo mazito tuliyoyafuatilia kama inavyopasa. Mzee mmoja wa Plateau, nje ya mji, alipiga kusema tangu siku ya chanjo ng'ombe wake amepunguza maziwa. Nilimuuliza nani alichanjwa, yeye au ng'ombe. Akafikiri. "Ni mimi," akasema, "lakini mimi ndio namkamua." Nikaandika. Baadaye niligundua kwamba hakuwa na shida kubwa na ng'ombe. Alikuwa anaishi peke yake na alitaka kuongea. Tuliongea karibu kila juma mpaka mambo yalipolegea, na sijui ni nani kati yetu aliyesaidiwa.

Siku ya kuniaga mlinipa keki, saa ya ukutani na hotuba tatu. Mlisema Mzee Kiprono hakuwahi kupindisha ripoti. Watu walipiga makofi. Nilitafuta ukumbini uso wa yule aliyenifundisha kutopindisha, na haukuwapo, maana sikumwalika. Nilirudi Kapsoya na ile saa. Niliipachika sebuleni. Inatoa sauti.

Nilistahimili sauti yake kama majuma matatu. Jumanne iliyofuata nilinunua mkate, sukari na majani ya chai, nikaenda Plateau. Nilikuwa nimesikia kwamba Sista Wangari alinunua kishamba huko baada ya kufiwa na mumewe, si mbali na hospitali ya misheni. Niliulizia kwa duka moja. Walimjua kama Mama wa Saa, na hawakuweza kunieleza kwa nini.

Alikuwa bustanini akipalilia vitunguu. Amekonda, nywele zote nyeupe. Aliniona getini akanyanyuka, akanitazama kwanza mikononi.

"Umekuja na fomu?"

"Hapana, Sista. Nimestaafu. Nimekuja na mkate."

"Basi ingia."

Jikoni mwake mlikuwa na meza moja na viti viwili, kimoja kikiwa na gunia la maharagwe. Kwenye jagi la maziwa palikuwa na kipande cha plasta, na juu yake, kwa wino mweusi, saa ya asubuhi ile. Mwanamke anayeishi peke yake alikuwa bado anaandika saa kwenye maziwa ambayo hakuna mwingine anayeyanywa. Niliutazama ule mwandiko. Yeye akaendelea kukoleza moto, amenipa mgongo.

Hatimaye nikamwambia yale niliyoyabeba. Nilisema samahani. Nilisema sikupenda kichupa kile kitumike dhidi yake, na kama kisingesahaulika pale dirishani, labda mambo yangekuwa mengine.

Akageuka na mwiko mkononi.

"Kusahaulika? Kiprono, wewe ulidhani nilisahau kuitupa?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Mimi ndio nilichoma hiyo takataka yote, kwa mkono yangu. Hiyo moja nikaitoa. Nikaifunika na glasi, nikageuza maandishi iangalie mlango. Spirit ilikuwa hapo kwa meza, na pamba. Dakika moja tu, hakuna saa, hakuna kesi." Akauweka mwiko mezani. "Lakini nilijua watatuma wewe. Na wewe nilikufundisha. Bila hiyo kichupa ungeandika nini? Ungeandika haijulikani. Yule mama angezeeka na hiyo haijulikani yako."

Nikamweleza kuhusu Mama Faith, jinsi alivyorudi na mtoto wa pili, na swali aliloliuliza mezani, na kwamba sasa upande ule wote huuliza. Hakuwa ameyasikia. Miaka kumi na sita, na hakuna aliyekwenda kumwambia. Alikaa juu ya gunia la maharagwe, akaiweka aproni usoni, mabega yakatikisika. Nilingoja. Hilo angalau nilikuwa nimejifunza kazini.

"Siku ile kwa chemist," nikasema baadaye, "ulipita."

"Ulikuwa umebeba faili. Nikasema, bado ako kazini, nitangoja akuje bila hiyo."

"Nilidhani umenikasirikia."

"Nilikukasirikia, eeh. Mwaka mzima nilikukasirikia." Alipangusa macho kwa kiganja. "Halafu nikaanza kukungoja."

Alisimama, akalihamisha gunia sakafuni, akakipangusa kiti. Akasoma saa kwenye jagi, akanusa maziwa hata hivyo, akaridhika. Akamimina chai vikombe viwili, akaketi.